Buji ya Papa

Juzi, huko Beni, nilimwona fundi wa pikipiki akipangusa buji, kile kidude cha kutoa cheche ndani ya motere, na harufu ya esansi, yaani petroli, ikanirudisha Butembo.

Papa ndiye aliyetunza mashini ya paroasi, parokia yetu, ya kukata majani, ile yenye kiti. Kila Jumamosi, siku ya posho, alimwaga mafuta meusi, akatia mapya, kisha akasafisha buji polepole.

"Bila buji, hii iko maiti tu," alisema.

Mimi, binti yake, nilijua buji moja tu: ile ya nta, tuliyowasha usiku wa Pasaka.

Alasiri moja ya vita, askari walikuja kuichukua mashini, ikakataa kuwaka. Wakamshika Papa.

"Buji iko wapi?"

"Miye hapana jua, shefu."

Nilikimbia nyumbani nikaleta yetu. "Njo hii hapa, shefu. Mumuachilie Papa."

Walicheka sana. Mmoja akanipapasa kichwa, nami nikacheka, nikidhani yamekwisha. Wakaondoka naye.

Jioni Mama aliwasha ile buji ya nta mlangoni, ikaisha yote. Ile ya motere tuliikuta chini ya mto wa Papa wa kulalia. Mpaka leo, kila siku ya posho, Mama anaipangusa.