Chumvi Kwenye Barafu

Dhoruba haina mdomo, ndiyo maana kila mwenye kosa huitupia lake. Ile iliyotupiga Sindo miaka miwili iliyopita imebebeshwa mengi: mapaa yaliyopigiliwa misumari mibovu, daraja lililojengwa kwa mchanga mwingi kuliko saruji, na kifo cha mdogo wangu. Kwenye karatasi wameandika kwamba alikufa kwa sababu barabara ilikatika na dawa haikufika. Uongo mtupu. Dawa ilikuwepo, ndani ya sanduku langu mwenyewe la samaki, na mtu aliyeandika hiyo karatasi alijua. Nimemchukia huyo mtu kwa roho yangu yote na sioni haya kusema.

Mimi nauza samaki. Barafu yetu hutoka Homa Bay kwa pikapu. Ikifika unaivunja, unaipanga, halafu unanyunyiza chumvi ya mawe juu yake ili baridi iume. Barafu bila chumvi ni maji tu yanayongoja saa yake. Mama ndiye aliyenifundisha, yeye alifundishwa na mamake, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia samaki aliyelegea.

Mdogo wangu alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu shule ya msingi, ule wa kujidunga sindano kila siku, si wa vidonge. Alikuwa akiuza chai na mandazi Masara, kule Migori, kwa wachimba dhahabu, na kliniki yake ilikuwa huko huko. Alikuja kututembelea siku mbili tu, na kwa sababu ni siku mbili alibeba chupa moja ya insulini iliyokuwa imebaki kidogo chini. Kile kimashine chake cha kupimia sukari alikiacha Masara. Mama alipomuuliza kama dawa itatosha alicheka. "Si kesho kutwa nimerudi? Nikikaa sana na dada nitanuka samaki, wateja wangu watanikimbia."

Jioni hiyo hiyo upepo ulitoka ziwani. Mvua nimeiona, lakini ile ilikuwa inatembea kwa ubavu. Nguzo za stima zilianguka kuanzia njia panda hadi kanisani, mabati ya watu yakaokotwa mashambani, na kufikia asubuhi mto ulikuwa umemeza barabara pande zote mbili. Gari la kuleta dawa zahanati lilikuwa lije wiki hiyo. Likakwama huko huko Homa Bay.

Asubuhi hiyo daktari alikuja kwangu akikimbia. Si daktari hasa, ni klinikali ofisa, lakini kwetu mwenye koti jeupe ni daktari. Friji ya zahanati ilikuwa imezimika. Chanjo za watoto alikuwa ameziweka kwenye kisanduku chake cha kubebea, kikajaa, na zikabaki chupa tatu za insulini. Hakuna mtu mwingine Sindo aliyekuwa na barafu. Mimi nilikuwa nayo sanduku zima, kwa kuwa boti hazikuwa zimetoka na hakukuwa na samaki.

"Mama, nihifadhie hizi," akasema. "Zikae baridi."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Zikae baridi. Yawa! Unamwambia mwanamke aliyeishi na barafu miaka ishirini kwamba kitu kikae baridi, unafikiri atafanya nini? Nilizifunga kwenye karatasi ya nailoni, nikazizika katikati kabisa, nikaongeza chumvi viganja viwili. Nilizitunza kuliko nilivyowahi kumtunza samaki yeyote, kwa sababu nilijua chupa ya mdogo wangu ikiisha atategemea moja ya hizo.

Kesho yake, Jumamosi ya Sabato, ile chupa aliyokuja nayo iliisha. Daktari akaja kutoa nyingine. Nilifunua sanduku mimi mwenyewe, tukiwa wawili tu. Chupa zilikuwa zimeganda zikawa ngumu kama kokoto. Akazishika akazitazama. Akaweka moja kwapani mwake, ndani ya shati, akakaa nayo huku tukiongea habari za mabati ya kanisa. Ilipoyeyuka akaitikisa kidogo, akaitazama kwenye mwanga.

"Barafu yako ina nguvu, mama," akasema.

Nami nikacheka. Nikajisikia mtu wa maana. Nimekikumbuka kicheko kile mara nyingi nikiwa peke yangu, na kila mara natamani kujizaba kofi.

Mdogo wangu alipewa chupa ikiwa maji, akajidunga kama kawaida. Jumapili alianza kuwa na kiu. Alikunywa maji mtungi karibu uishe, anakwenda choo, anarudi, anakunywa tena. Siku hiyo mawimbi yalikuwa yametulia kidogo, na jirani yetu mwenye boti ya injini alikuwa anaenda Homa Bay kutafuta petroli. Alipita kwetu. "Huyu dada tumpeleke hospitali kubwa," akasema. "Nafasi iko."

Nikaenda mbio kumuuliza daktari. Alikuwa anafagia matope zahanati. Nilimwambia habari za kiu, nikamwambia boti inatoka saa hiyo hiyo.

"Dawa si anayo?" akasema. "Mnaenda kumlowesha ziwani bure. Aongeze kipimo kidogo, atatulia."

Basi boti ikaondoka bila yeye.

Jumatatu alitapika kutwa nzima. Alikuwa akipumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinukia maembe yaliyoiva kupita kiasi. Daktari akaja, akasema aongeze tena. Akaongeza. Jumanne hakutujua. Yule jirani alikuwa amerudi, akatupakia bila kuulizwa. Tulipoanza kuyaona mapaa ya Homa Bay, kichwa chake kikiwa mapajani pangu, akaacha kupumua. Mama alikuwa amekaa mbele ya boti anaomba. Ilibidi nimwambie afumbue macho.

Daktari alikuja matangani. Alisimama mbele ya watu akasema dhoruba imetunyang'anya binti yetu, na watu wakalia. Mimi nikamshukuru! Nilimpa mkono. Mama alisema Mungu ametoa na Mungu ametwaa, lakini tangu siku hiyo aliacha kuimba kanisani. Anakaa, anafungua kitabu, anafunga mdomo.

Mwaka mmoja baadaye nilimpeleka mama hospitali Homa Bay kwa ajili ya presha. Yeye alikuwa ndani, mimi niko nje kwenye benchi, na muuguzi mmoja alikuwa akiwafundisha wagonjwa wa sukari. Sikuwa nasikiliza. Halafu nikasikia: "Ikiganda, tupa. Hata ikiyeyuka na uione ni safi, imekufa hiyo. Ukijidunga ni kama kujidunga maji."

Nikainuka. Nikamuuliza, "Sista, na daktari wa zahanati anajua hivyo?"

"Mama, hilo wanafundishwa mwaka wa kwanza. Una mgonjwa wa sukari nyumbani?"

"Nilikuwa naye," nikasema.

Sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Ningesema nini kuhusu chumvi? Nikakaa nayo, na kadiri nilivyokaa nayo ndivyo nilivyozidi kumchukia yule mtu. Yeye wakati huo alikuwa ameshapandishwa cheo, ana ofisi mjini na kiti cha kuzunguka. Nimeomba mabaya juu yake nikiwa nimepiga magoti, mimi Msabato wa kubatizwa. Niliomba augue ugonjwa unaotaka dawa ya friji. Niliomba stima ipotee nyumbani kwake. Rafiki yangu mmoja wa sokoni, nisiyemweleza sababu, aliniona ninavyokondeana akaniambia hasira ni hasara. Nikamjibu hasara nilipata kwanza, hasira ndiyo chenji.

Nafasi ilikuja yenyewe. Zahanati ilipata friji mpya ya sola, na kukawa na sherehe ya kuizindua. Mgeni wa heshima, ni yeye. Mimi nikaombwa nipike samaki. Nilikubali kabla hawajamaliza kuomba. Wageni walichelewa kufika, kwa hiyo wakapewa chakula kwanza, na nilimpelekea mimi mwenyewe ngege mkubwa kuliko wote, nikasimama nikamtazama akila hadi mifupa. Nilitaka ashibe. Nilitaka awe mzito kwenye kiti.

Aliposhika maikrofoni alianza kusimulia siku za dhoruba: jinsi alivyookoa dawa, jinsi wananchi walivyoshirikiana naye, jinsi tulivyompoteza mtu mmoja tu, kwa sababu ya barabara. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa safu ya pili, amekunja mikono.

Nikatoka jikoni na aproni yangu. Sikungoja nipewe nafasi.

"Daktari, waambie habari ya kwapa lako," nikasema.

Watu wengine wakacheka, wakidhani ni utani. Nikaenda hadi mbele. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa mwaka mzima, na katika mipango yangu yote nilianza na yeye. Lakini niliposimama pale niliona siwezi kumfikia bila kupita kwangu. Hakuna aliyeziona chupa zikiwa zimeganda isipokuwa sisi wawili, na mtu yeyote angeuliza ziligandaje.

"Dawa ya mdogo wangu niliigandisha mimi," nikasema. "Niliweka kwenye barafu, nikatia chumvi, kama tunavyofanya. Sikujua inakufa. Yeye alijua. Aliiyeyusha kwapani nikimwona, akampa. Na boti ilipotaka kumpeleka akiwa bado anaongea, huyu akasema dawa anayo."

Yule mtu aliweka maikrofoni mezani polepole. Ningependa kusema alikana, ningefurahi zaidi.

"Nilijua," akasema. "Lakini mama, hakukuwa na nyingine. Nilisema labda imebaki na nguvu kidogo. Ningewaambia mngepoteza matumaini."

"Tungepanda boti!" nikapiga kelele. "Matumaini gani? Tungepanda boti!"

Alikaa chini akafunika uso. Nimesikia baadaye aliandikiwa barua ajieleze, na nilifurahi, sifichi. Siku ile pale nilisimama nikimtazama mabega yanavyotetemeka, na nilishiba. Nikageuka nimtafute mama, aone nilivyomlipizia kisasi mtoto wake.

Mama alikuwa ameshasimama. Hakumtazama daktari hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Nyathina, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ya kunituma dukani, "uliweka viganja vingapi?"

"Viwili, mama."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayekubali hesabu.

"Miaka miwili nimemnunia Mungu," akasema. "Kumbe ni nyinyi wawili."

Akaokota mkoba wake, akapita katikati ya viti, akaenda nyumbani kwa miguu peke yake. Mimi nikabaki mbele ya watu, nimesimama upande mmoja na yule mtu.