Wembe wa Wifi

Mjukuu wangu wa kike anasoma sekondari hapa Buswelu. Jioni moja nilikuwa nachambua mchicha, yeye ameinamia simu, akaniuliza, "Bibi, unajua neno la Waingereza la kushevu lilianzia wapi?"

"Mimi niliishia darasa la tatu. Nitajuaje?"

Akanisomea. Kumbe zamani lilikuwa kukwangua tu. Kukwangua ngozi, kukwangua mbao. Hata leo fundi akipiga randa, kwao anainyoa mbao. Na kitu kikipita karibu sana na kingine bila kukigusa, neno ni hilo hilo.

Akaingia ndani, nikabaki na mchicha wangu. Hilo la kupita bila kugusa sikuhitaji mwalimu. Tangu mume wangu afe, ndivyo wanavyonipita humu ndani. Shikamoo bibi, marahaba, mlango umefungwa.

Mume wangu alikuwa seremala. Kila Jumamosi asubuhi alikaa kwenye kigoda uani nikamnyoa ndevu, maana kioo kilikuwa kimeshamshinda macho. Maranda yalimjaa masikioni, mengine yakaanguka kwenye chai. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Lakini alikuwa akinyanyua kidevu kabla sijamwambia.

Alipokufa nilikosea, na kosa hilo simsingizii mtu. Kwetu msiba hauishi mpaka wafiwa wanyolewe, na mjane ananyolewa na dada wa marehemu. Wifi yangu alikuja kutoka ng'ambo, upande wa Busisi, na wembe mpya ameufunga kwenye pindo la kanga. Siku ya tatu wanangu wakasema tanga lianuliwe, watu wana kazi, na kunyoana ni mambo ya kizamani, tena wembe unaleta magonjwa. Wifi akanitazama. Alikuwa anangoja niseme neno moja tu. Nikatazama chini. Akabeba mkoba wake akaondoka, wembe bado uko kwenye pindo. Hakunipigia simu tena, nami sikumpigia.

Nywele zikaota juu ya msiba. Nilifunga kilemba kutwa. Harusini sikwenda, jumuiya sikwenda. Mtu ambaye hajanyolewa atakaa vipi na watu waliotoka matangani?

Binti yangu akaona tabu imekuwa ni nywele, akanipeleka saluni Mkuyuni. Kinyozi, mtu mzima mwenye hereni, akanifunga shuka shingoni.

"Bibi, leo tunapiga staili gani? Tuweke na mchoro pembeni?"

"Nyoa."

"Haya. Ukitoka hapa babu ataanza kukutongoza upya."

"Babu amekufa."

Akazima muziki, maskini. Lakini mashine yake ilipita juu juu, ikabakiza vinywele, na nywele zangu akazifagia pamoja na za watu nisiowajua. Nilirudi nyumbani na kichwa chepesi na msiba wangu ule ule.

Basi hiyo jioni ya mchicha nikawaza: mashine nayo ilinipita tu. Sijakwanguliwa. Asubuhi nikapanda gari la kwenda Busisi bila kumuaga mtu. Enzi za kivuko ningepata muda wa kughairi kwenye foleni. Siku hizi kuna daraja, na daraja halikungoji ubadili mawazo.

Nilimkuta wifi uani kwake anamenya mihogo. Hakuinuka.

"Umefuata nini? Si kwenu watu wana kazi?"

"Nimekuja kunyolewa."

"Umeshanyolewa. Umebaki kama kuku aliyenyonyolewa nusu akakimbia."

"Aliyeninyoa si wewe."

Akamaliza muhogo, akachukua mwingine. "Miezi minane, wifi," akasema. Kisha akavua kilemba. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesongamana, chanuo halijazigusa tangu siku ile. "Na mimi nilifiwa. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako. Na mimi nani alininyoa?"

Miezi yote hiyo nilidhani kimya changu kimenifunga mimi peke yangu.

"Nilikosea," nikasema. Sijui kusema zaidi ya hapo.

Akaingia ndani akautoa ule wembe, ungali kwenye kanga. Ulikuwa umeshika kutu. Akautupa chooni, akaenda dukani akarudi na nyembe mbili. "Kila mtu na wake," akasema. "Wanao wasije wakasema nakuua."

Alininyoa kwa maji baridi na sabuni ya kipande. Mkono wake siku hizi unatetemeka, akanikata nyuma ya sikio.

"Tulia, wewe mwanamke!"

"Anayetetemeka ni wewe."

"Kaka alisema una mdomo. Nikajua anatania."

Wembe uliposhuka kisogoni, nikainamisha kichwa kabla hajaniambia. Nilipojiona nimefanya hivyo, nililia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wifi hakuniambia ninyamaze. Aliendelea kukwangua.

Kisha nikamnyoa yeye. Nywele zetu tukazichanganya, tukazifukia kwenye migomba.

Nyumbani mjukuu akapiga kelele, "Bibi, umeshevu!" Akagusa utosi wangu kwa kidole kimoja, akarudi kwenye simu yake.

Jumamosi nilikitoa kile kigoda uani, nikakifuta vumbi. Nilikikalia mwenyewe, kichwa wazi, mpaka jua likawa kali.