Zofka na Kitabu cha Wageni

Mtu akifika kwa Zofka Odar, huko juu milimani Bohinj, kitu cha kwanza kutazamwa si uso wake, ni miguu. Zofka hutoka mlangoni na mwiko mkononi, akainama kidogo, akaguna. Watu wa bondeni wanaujua mguno huo. Ukiwa mfupi, viatu vinafaa. Ukiwa mrefu, kaa kitako, mgeni, usikie maneno.

"Hivi baba umevaa nini? Hivi ni vya kwendea kanisani! Huko juu nyasi zikilowa ni sabuni tupu."

Miaka thelathini na minne amewatunza wapanda mlima katika nyumba ile ya mawe na mbao, akiwapikia supu nzito ya shayiri na kuwapa chai ya zaatari ya porini. Mumewe alipofariki alishuka siku tatu tu, akarudi. Agosti ilikuwa imeshika, na wageni wangekula kwa nani? Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyevuka kizingiti chake kwenda juu bila kuandika katika kitabu kikubwa cha mezani: jina lako, unatoka wapi, unakwenda wapi.

Yeye mwenyewe hajaandika humo hata mara moja. Wala si yeye peke yake. Sisi wa bonde hili tuko hivyo hivyo: kitabu ni cha wageni, mwenyeji akijiandika ataonekana ameusahau mlima wake. Lovro, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa mwokoaji wa milimani mpaka magoti yakamkatalia, alimwambia kila alipopanda kumletea unga:

"Shemeji, na wewe jiandike."

"Nimwandikie nani, mbuzi? Mbuzi wananijua."

"Siku moja tutakutafuta."

"Mtanikuta jikoni, nikiwapikia ninyi wavivu."

Jumatano moja ya mawingu walikuja Waholanzi wawili, Wouter na binti yake Fenna, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye mashavu mekundu. Zofka akawatazama miguu, akaguna kifupi. Akafurahi, na alipofurahi ndipo aliposema zaidi.

"Saa sita mchana, popote mlipo, geukeni. Saa nane radi zinashuka hapa kama zimealikwa. Theluji kuukuu mkiiona kwenye korongo msiikanyage, chini yake ni pango. Na kupe! Kupe wa huku ni mdogo kama ufuta, lakini atakulaza mwaka mzima. Jioni kagueni nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio. Mng'oeni kwa kibanio, msimpake mafuta. Mmenisikia?"

"Tumesikia, bibi," alisema Wouter kwa adabu.

"Filimbi mnazo?"

Hawakuwa nazo. Zofka akaguna kirefu, akaivua yake shingoni, akamvika Fenna.

"Ukipatwa na shida, piga mara sita ndani ya dakika moja. Nyamaza dakika, piga tena. Anayekusikia atajibu mara tatu. Simu ikishika, ni mia moja na kumi na mbili. Haya, andikeni!"

Wakaandika, wakaenda.

Saa tano Zofka akaona kopo la zaatari limebaki vumbi. Mteremko wa zaatari hauko mbali, ni nyuma ya jabali. Simu akaiacha kwenye chaji. Akachukua kopo lake la bati, akatoka na mitalawanda yake ya jikoni, ile ya mbao, maana nani avae buti kwa robo saa? Kitabu kilikuwa wazi mezani. Akakipita.

Nyasi zilikuwa na umande bado. Mtalawanda mmoja ukaenda zake, na Zofka akaufuata hadi kwenye mawe. Alipojaribu kusimama, kifundo cha mguu kikamwambia hapana.

Akakaa. Kwanza akatukana mtalawanda. Kisha akatazama juu: mawingu yalikuwa yanapandana, meusi tumboni. Alizijua radi za saa nane, na alijua pale alipo hakuna hata kichaka cha kujisitiri. Hakuna ajuaye yuko wapi. Mawe akayaona karibu, kopo lilikuwa mkononi, lakini mkono ulikataa. Akipiga mara sita, Lovro atasikia habari, na bonde zima litacheka mpaka Krismasi. Zofka Odar, mwalimu wa viatu!

Akakaa hivyo mpaka saa saba na ushei, ngurumo ya kwanza ikapita mbali. Akalishika jiwe, akaligonga kopo. Moja. Mbili. Hadi sita. Akanyamaza dakika, akihesabu kwa midomo.

Wakati huo Fenna na baba yake walikuwa wamesharudi, kwa kuwa saa sita waligeuka kama walivyoagizwa. Waliikuta supu imeungua na nyumba tupu. Fenna akakimbilia kitabu, akapitisha kidole ukurasa mzima.

"Baba, hajaandika!"

"Labda yuko hapo nje tu."

"Nyamaza. Sikiliza. Hiyo ni bati... nne, tano, sita."

Akatoka mlangoni, akapuliza mara tatu kwa nguvu zake zote. Kule nyuma ya jabali Zofka akasikia filimbi yake mwenyewe ikimjibu, akafunika uso kwa aproni, akalia kidogo.

Walimbeba kwa mikono iliyofungamana, naye njiani akiwasahihisha wanavyokanyaga. Mvua iliwakuta mlangoni. Wouter alikuwa ameshapiga ile namba, na mvua ilipokatika wakaja waokoaji na machela, na Lovro nyuma yao akihema, na magoti yake yale yale mabovu.

Lovro aliutazama mguu uliovimba, akautazama mtalawanda mmoja uliobaki. Akaguna. Mguno mrefu.

"Mganga hajigangi, eti shemeji?"

"Ukicheka, supu hupati."

"Supu yenyewe imeungua."

Walipokuwa wakimfunga kwenye machela, Zofka akainua mkono kuwasimamisha.

"Ngojeni. Fenna, mwanangu, niletee kile kitabu. Na kalamu."

Akaandika taratibu, kwa herufi zake kubwa za shule ya kijijini: Zofka Odar. Natoka jikoni. Nakwenda hospitali, nitarudi.

Kisha akamtazama Lovro.

"Na wewe unasimama nini? Unashuka nami. Andika."