Kumfundisha Mkwe Kuogelea

Mwalimu Nasambu alikuwa amechoka kabla hata hatujaanza. Miaka ishirini na sita ya chaki, magoti yanayomuuma kila asubuhi kwa baridi ya Yamumbi, na sasa Jumamosi nzima ndani ya maji. Lakini bwawa la shamba letu, lile walilochimba wazungu kwa ajili ya ng'ombe wao, lilikuwa limeua watoto wawili mwaka uliotangulia, na kijiji kizima ni yeye tu aliyejua kuogelea. Alijifunza utotoni, mtoni Nzoia.

Kibali cha kuwafundisha watu kuogelea kilichukua wiki tano. Chifu alitaka kwanza kujua kama watu kuingia majini pamoja ni mkutano. Tuliandika barua, ikarudishwa, tukaandika nyingine. Mwishowe aligonga muhuri, nadhani kwa kuchoka kutuona.

Watoto walikuja na mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia, wakaifunga kifuani ili wasizame. Wakaja akina mama. Akaja Mzee Githinji, miaka sabini, akanywa maji mengi kuliko ng'ombe wake. Nasambu alimshika kila mmoja chini ya mgongo na kumwambia yaleyale: "Usipigane na maji. Tulia, yatakubeba." Kufikia saa kumi sauti ilikuwa imemkauka.

Mmoja tu ndiye ambaye Nasambu hangeweza kumshika. Simeon, mume wa bintiye, ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa maji wa bwawa, juu ya ukuta wenye utelezi, na hakujua kuogelea hata kidogo. Binti alikuwa mjamzito, na kila Jumapili alimlilia mama yake. Lakini kwao mama mkwe hampi mkwewe hata mkono, sembuse kumwona kifua wazi. Wakigusana, mkwe hakanyagi tena boma la mama mkwe mpaka wazee wakae na kondoo achinjwe.

Basi tukapatana hivi: Simeon aingie majini peke yake, Nasambu asimame ukingoni akiwa amempa mgongo, nami Jemutai, jirani, nimweleze ninachoona.

"Amefika wapi?"

"Kiunoni, Mwalimu."

"Mwambie alale chali, kichwa nyuma."

Nilimwambia, ingawa alikuwa amesikia vizuri. Nakiri nilicheka. Jumamosi sita zikapita na Simeon akizama kama jiwe. Kila alipokohoa maji, mabega ya Nasambu yalishtuka huku yeye akitazama mahindi.

"Nimechoka, Jemutai," aliniambia. "Ningemshika mara moja tu, angejua."

Jumamosi ya saba ng'ombe wa Githinji walivunja ua, wakaingia kwenye mahindi yangu. Nikasema, "Narudi saa hii," nikakimbia. Nilikuwa mbali, fimbo mkononi, nilipomsikia akiita.

"Jemutai! Amefika wapi?"

Sikuwa na pumzi ya kujibu. Akaita tena. Akamwita Simeon kwa jina, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya. Maji yalikuwa yamenyamaza kabisa. Kisha nikasikia kishindo.

Nilipofika walikuwa majini hadi kifuani, Nasambu na gauni lake na viatu, amemkumbatia Simeon kwa mikono miwili. Simeon alikuwa ametoa macho.

"Mama," alisema polepole, "nilikuwa naelea tu. Masikio yalikuwa ndani ya maji, sikukusikia."

Hakumwachia mara moja.

Wazee wameahirisha kikao mara mbili. Safari hii kisingizio ni mavuno. Simeon hupitia njia ya mbali. Mtoto alizaliwa Agosti, na binti humleta kwa bibi yake bila baba.

Nasambu hamlaumu mtu, na hilo ndilo linaloniumiza. Hunikaribisha, hunimiminia chai, kisha huniuliza swali lilelile kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Yule kijana alielea vizuri? Mimi niligeuka tu nikaruka, sikuona kitu."

Nami huipuliza chai. Nilikuwa nafukuza ng'ombe.