Ufunguo wa Pili wa Prado

Mukansanga alikuwa na desturi ya kutazama magurudumu kabla ya kumtazama dereva. Tope jekundu lilikuwa la Nyakarenzo. Vumbi la kijivu la simenti lilitoka Bugarama. Lakini gari lililooshwa hadi mvunguni lilikuwa limetoka mahali ambapo mwenyewe hakupenda pajulikane, na Prado nyeupe iliyoingia uani kwake asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2001, iling'aa mpaka vyuma vya chini.

Aliweka ungo wa maharage, akasogea karibu na mlango wa karakana ya bintiye.

Watu wa Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani, walimwita Maman Mutoni, kwa jina la huyo binti. Mumewe alikuwa fundi wa redio. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, katika miaka ya kambi za wakimbizi, akamwachia Mutoni chuma cha kulehemu na mikono isiyotetemeka. Mutoni alikwenda Kigali kujifunza umeme wa magari, akarudi na kompyuta ndogo iliyochubuka pembe zote na nyaya ambazo mama yake hakuruhusiwa kuzigusa. Tangu hapo, gari lolote lililozama mtoni au kupigwa na mvua mpaka ubongo wa injini ukaungua, lililetwa kwao likivutwa kwa kamba. Wenyewe walikuwa wamekwisha kununua ubongo mwingine, sanduku la bati lililotolewa kwenye gari bovu. Walilifunga, wakawasha, stata ikalia, injini ikagoma.

"Ni kwa sababu ubongo na ufunguo hawajuane," Mutoni alimweleza mama yake siku za mwanzo. "Ndani ya kichwa ya ufunguo muko kidude kidogo. Gari inakiuliza, weye ni mwana wa nani? Kisipojibu muzuri, moteri haiwake."

Mukansanga hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikuwa amepita kwenye vizuizi vya barabarani miaka ambayo swali hilohilo liliulizwa watu, na aliwaona walioshindwa kujibu. Kaka yake Nzabonimana naye aliwaona, na baada ya vita akayasema hadharani. Hakumaliza miezi miwili. Walimkuta kwenye mfereji wa shamba la mpunga. Tangu siku hiyo Mukansanga alitazama kila kitu na hakusema kitu.

Mwenye Prado alijitambulisha kwa jina moja tu, Kamali. Alivaa koti la ngozi ingawa jua lilikuwa kali, na wenzake wawili hawakushuka garini.

"Mademoiselle, nimeambiwa weye ndiye daktari wa funguo," alisema akicheka. "Yangu haigonjwe. Nataka gari imujue huyu tu." Aliinua ufunguo wake.

"Si inakujua tayari, Papa? Umekuja ukiiendesha."

"Inanijua. Inajua na mwingine. Nataka imusahau."

Mutoni alichomeka waya wake chini ya usukani, akasoma kwenye kioo cha kompyuta yake. "Kweli. Muko funguo mbili. Ya pili iko wapi?"

"Ilipotea."

"Kama ilipotea, inakusumbua nini?"

Kamali aliacha kucheka. "Weye ni fundi ao ni juge wa mahakama?"

"Usimusikilize, Papa," Mukansanga aliingilia haraka, akitoa kiti. "Batoto ba siku hizi banauliza mpaka jina ya mvua. Ikala, nikuletee chai."

"Apana, Maman. Tuko pale ng'ambo ya barabara, kwenye nyama ya brochette. Nikirudi, ikuwe tayari."

Wenzake wakashuka, wakavuka barabara wote watatu. Ndege ya mizigo ilipita juu ya mabati ikitua kiwanjani, na mpaka kishindo chake kilipoisha mama na binti walikuwa bado wanatazamana, kwa sababu wote wawili walikuwa wanamfikiria mwanamke mmoja.

Huyo aliitwa Eugénie, mchuuzi wa Bukavu, upande wa Kongo, aliyevuka daraja karibu kila siku na samaki wakavu. Mumewe, Bashige, alikuwa dereva wa mfanyabiashara wa kahawa. Miezi minne nyuma alitoka nyumbani na Prado ya tajiri wake kwenda Kavumu, na hakufika. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na gari. Kilichobaki ni ufunguo wa akiba aliouacha nyumbani, ambao Eugénie aliuvaa shingoni kwa uzi. Kila alipoona Prado nyeupe imeegeshwa, awe Bukavu au Kamembe, alimwomba dereva amruhusu kujaribu. Wengine walimfukuza, wengine walimwita kichaa. Wiki iliyopita alikuja kumwuliza Mutoni kama ufunguo wenyewe ungeweza kusema gari lake liko wapi. Mutoni alimjibu kwamba ufunguo haujui. Ni gari ndilo linalojua.

"Ni hii, Maman," Mutoni alinong'ona. "Nikifuta, hata akiikuta, haitawaka. Batamwambia, unaona? Si yako."

"Fanya."

"Maman, ni ushahidi yake ya mwisho."

"Na weye ni mtoto yangu ya mwisho. Fanya, mwanangu. Bale batu banakula nyama huku banatuangalia."

Mutoni akabonyeza. Taa ndogo nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, ikapepesa, ikatulia. Jambo lenyewe halikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Mukansanga alishangaa kwamba kumnyang'anya mtu kitu chake cha mwisho hakukutoa hata mlio.

Kamali aliporudi, aliwasha, akazima, akawasha tena. Akatikisa kichwa kwa heshima ya kweli.

"Mikono ya dhahabu. Sasa sikia. Kule Bukavu tuko na gari zingine nne zenye shida kama hii. Kesho asubuhi nakuja kukuchukua."

"Papa, mimi nafanyia kazi hapa tu," alisema Mutoni.

"Kesho," alirudia Kamali kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto, na Prado ikaondoka.

Hapo ndipo Mukansanga alipoelewa alichokifanya. Alidhani amewapa kitu ili waende zao. Kumbe amewaonyesha kinachopatikana kwake.

Walifikiria kukimbilia Nyakarenzo kwa shangazi wa Mutoni. Lakini mmoja wa wale wawili alibaki ng'ambo ya barabara kwenye kiti cha plastiki, na asubuhi alikuwa bado yuko palepale.

Prado iliposimama, Mukansanga alikuwa amekwisha kuvaa kitenge cha misa. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia kabla ya bintiye, akajiweka katikati ya kiti.

"Maman, na weye unajua kompyuta?" Kamali alicheka.

"Sijui. Najua mtoto wangu."

Kamali alimtazama kwenye kioo, kisha akaondoa gari. Waliteremka hadi kivuko cha mpakani, Rusizi ya Pili. Mtu wa kizuizini alipoiona Prado hakuomba karatasi. Mbele ya daraja msongamano wa wachuuzi uliwalazimisha kwenda pole, wanawake na mabeseni yao wakipita ubavuni kabisa mwa madirisha.

Mmoja wao alisimama. Alikuwa na beseni la samaki kichwani na uzi shingoni. Aliitazama Prado kama alivyozitazama zote, kisha macho yake yakaingia ndani, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kumwona mtu anayemjua.

"Maman Mutoni! Maman Mutoni, ngojeni! Mwombe huyo Papa anisaidie, nijaribu kidogo tu!"

Tayari alikuwa anauvuta ufunguo kifuani. Mukansanga alilikamata goti la bintiye, akalibana.

"Unamujua yule mama?" Kamali aliuliza bila kugeuka.

"Simujui."

"Mm." Alipandisha vioo vyote. "Yeye anakujua. Ameita jina yako mara mbili."

Gari likakanyaga daraja. Nyuma yao Eugénie alikuwa ametua beseni chini, anakimbia.