Nzembi, Mwanamke Terca

Mama yangu Nzembi hakujua Kihispania, ila neno moja alilijua vizuri: terca. Alipewa neno hilo mtaa wa Loresho mwaka 1986, wiki yake ya kwanza ya kazi kwa madam Pilar, Mhispania aliyekuja Nairobi na mumewe injinia.

Mama alikuwa anafua. Akamaliza mashuka, akamaliza mashati, na chini ya beseni akakuta chupi za madam. Akazitoa kwa ncha ya kidole, akaziweka kando. Kwetu mwanamke mzima hufua chupi yake mwenyewe akioga. Nani alisema mshahara unanunua na hilo?

"Terca!" madam akafoka. Kesho yake tena, terca.

Dalmas, dereva wa injinia, alikuwa amewaendesha Wahispania miaka kumi. Mama akamuuliza.

"Dada, anasema kichwa yako ni ngumu. Mwanaume anaitwa terco, wewe ni terca."

"Na punda akikataa kutembea?"

"Huyo ni terco kabisa. Hata mzee akikataa kuenda hospitali. Si tusi kubwa, lakini usidhani unasifiwa."

"Basi hajakosea," mama akasema, akarudi jikoni.

Miaka mitano madam alijifulia chupi zake, akinung'unika. Mimi nilikuwa mtoto, na nilijivunia mama kuliko wenzangu walivyojivunia baba zao wenye magari.

Mwaka 1991 injinia akahamishwa. Mitaa ile, bila barua ya mwajiri wako wa zamani, hakuna geti linalokufungukia, na mama alikuwa na mimi na chumba chetu cha Uthiru. Barua ilikuwa mezani, imepigwa taipu vizuri: mwaminifu, msafi, mpishi hodari. Ilibaki sahihi tu. Madam akaleta beseni.

"Leo tu, Nzembi. Mimi choka, kesho safari. Wewe fua, mimi weka sahihi."

Mama akapangusa mikono. "Madam, nitakukunjia kila nguo ya hii nyumba na nifunge masanduku yote. Hizo, hapana."

"Terca!"

"Ndiyo. Andika hivyo kwa barua, mwenye atanichukua ajue mapema."

Madam akaichana barua vipande viwili.

Wiki tatu mama alitembea mtaa jirani wa Kitisuru kwa miguu, geti baada ya geti, akirudishwa. Nilimwambia, kwa hasira ya njaa, kwamba angefua tu. Akafunga kilemba, akatoka tena, nami nikabaki na aibu yangu. Kisha akafika kwa Manjula, Mhindi mjane aliyeishi peke yake na dawa zake za presha.

"Barua iko wapi?" Manjula akauliza.

"Sina. Nilikataa kufua chupi ya madam. Na yako sitafua."

Manjula akamwangalia toka viatu mpaka kilemba, hana haraka.

"Yangu mimi nafua mwenyewe," akasema. "Kuja ndani."