Msichana wa Mtoni, Upande wa Kaskazini

Katika miaka ya sabini nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kisii. Siku moja mkubwa wangu alinipa kasha la picha zilizopigwa miaka ya sitini na bwana shamba mmoja Mzungu, kabla hajarudi kwao. Maonyesho ya kilimo yalikuwa yanakaribia, naye alitaka picha za upande wa kaskazini, kule Nyaramba, zibandikwe ukutani watu waone tulikotoka.

Kule ndiko kwetu. Nilizipanga mezani polepole. Vilima nilivyovijua vikiwa vimefunikwa na majani chai vilikuwa wazi, malisho matupu, na nyumba za msonge zimekaa mbalimbali. Wanawake walikuwa wakichuma pareto. Wanaume walisimama kando ya ng'ombe wao, wakimtazama mpiga picha kama mtu aliyekuja kudai kodi. Hakuna aliyeandikwa jina.

Kisha nikamwona msichana amesimama mtoni na debe la maji, amevaa gauni lenye kola nyeupe. Gauni lile mama alimshonea dada yangu mkubwa, aliyekufa kwa surua nikiwa mdogo. Hatukuwa na picha yake hata moja. Uso ulikuwa umeingia kivuli, lakini mimi nilikuwa nimeshaamua kuwa ni yeye.

Mkubwa wangu aliniruhusu nitoe nakala, na Ijumaa nikaenda nayo nyumbani. Mama aliichukua akatoka nayo nje penye mwanga. Kidole chake kilianza na kilima.

"Hapa babu yako alikuwa akilisha ng'ombe," alisema. Akaangalia kwa muda mrefu, halafu akanirudishia. "Huyu si dada yako."

"Na gauni, mama?"

"Gauni ni lake. Alipokufa sikuweza kuliona limetundikwa ndani. Nikampa rafiki yake, mtoto wa hapo ng'ambo."

Nilikuwa nimembeba dada yangu mkobani tangu Kisii, na sasa sikuwa na mtu.

Mtoto wa hapo ng'ambo alikuwa binti wa jirani yetu. Alikua, akaolewa huko Nyacheki, akafariki akijifungua mtoto wa kwanza. Mama yake na mama yangu walikuwa hawasemezani tangu mashamba yalipopimwa, kwa sababu ya mtaro wa mpaka ambao kila mmoja aliamini umechimbwa ndani kwake.

"Mama yake naye hana picha," mama alisema. "Kesho tutampelekea."

Sisi tulikuwa Wasabato; Jumamosi tulipotoka kanisani, mama hakubadilisha nguo. Aliruka mtaro, nami nikamfuata. Jirani alikuwa Mkatoliki, kwa hiyo tulimkuta kazini, anapepeta wimbi mbele ya nyumba. Mama alimsalimu, naye akaitikia bila kuinua macho.

"Nimekuletea kitu," mama akasema.

Jirani alijifuta mikono kwenye sketi akaipokea picha. Nilidhani atautafuta uso, kama nilivyofanya mimi. Aliangalia miguu.

"Alikuwa anaegemea mguu mmoja hivi hivi," alisema. "Kila siku nilimwambia asimame wima." Akapitisha kidole kwenye kola. "Gauni hili lilikuja kumbana, na bado alikataa kulivua. Alisema ni la rafiki yake."

Mama aliketi chini bila kukaribishwa.

Walizungumza mpaka jua likaanza kushuka. Mimi nilikaa kando nikisikiliza mambo ambayo hayakuwahi kusemwa nyumbani kwetu: kwamba dada yangu aliogopa bata, kwamba aliimba akiteka maji na kunyamaza akimwona mtu, kwamba siku moja wale wawili walijificha kwenye migomba wakala ndizi mbivu hadi wakaumwa na tumbo. Jirani alicheka aliposimulia hilo. Mama naye alicheka, kisha akavuta ncha ya kitambaa chake akajifuta macho. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja jina la dada yangu mara nyingi namna ile.

Habari za mtaro hazikuguswa, wala sikumbuki kama ziliwahi kumalizika. Ila kesho yake asubuhi, nikijiandaa kurudi mjini, jirani alikuja mlangoni kuomba moto. Mama alichagua kijinga kikubwa cha moto jikoni, akakipuliza mpaka kikashika vizuri, ndipo akampa.